Difu ya Nyuma ya Mzee Mugambi

Tharaka,
19 Mei 2024

Mwanangu Ogutu,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima. Mtama ulitoka vizuri mwaka huu, ndege wakala wao kwanza, kisha wakatuachia sisi. Mbuzi mmoja amezaa pacha. Tangu mama yenu atutoke nyumba hii ilikuwa kama ghala, lakini siku hizi mlango umepakwa rangi na mapazia yamebadilishwa. Ukija leo utapita ukidhani si kwangu.

Natumaini wewe na Kagendo mko salama Johannesburg, na baridi ya huko haijawaingia mifupani. Nakuandikia kwa sababu simu unajua siisikii. Malori ya serikali niliyoendesha yaliniachia sikio moja, na hilo moja nalo husikia linachotaka.

Sasa neno lenyewe. Landikruza yangu, ile ya mwaka themanini na nne iliyowabeba wazee wenu siku ya mahari, difu ya nyuma, ile gia ya katikati ya ekseli, inalia. Nikikanyaga mafuta inalia, nikiachia inalia zaidi. Nilimwaga oili yake nikakuta kipande cha jino la chuma. Tena niliifungia matairi makubwa na tangu siku hiyo injini inachoka kwenye mchanga wa mto. Nataka krauni na pinioni mpya, zile gia mbili zinazoshikana ndani ya difu. Nataka pia difu loki, ile inayoyalazimisha magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka pamoja hata kama moja limekosa mshiko. Nasikia huko kwenu vitu hivi vinauzwa kama mkate.

Nitafutie. Viwe vimefika kabla ya mvua za Oktoba.

Ni mimi baba yenu,
Mugambi

*

Johannesburg,
16 Juni 2024

Kwa Baba,

Barua yako imenifikia Ijumaa, nimefurahi kusikia habari za mtama na pacha. Sisi huku ni wazima. Baridi imeanza, asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe. Mimi nasahihisha mitihani ya wanafunzi. Kagendo ana kazi nyingi sana benki, anatoka mapema na kurudi amechoka, ndiyo maana hajaandika. Anakusalimu.

Kuhusu gari, baba, naomba univumilie. Mimi nafundisha takwimu. Nikifungua boneti ya gari langu ni kuhakikisha tu kwamba injini bado ipo. Lakini nilikwenda kwenye duka kubwa la vipuri vya magari ya porini, nikasema nataka krauni na pinioni za Landikruza. Kijana wa kaunta akauliza, "Namba gani?" Nikasema ya mwaka themanini na nne. Akasema hapana, namba ya difu: tatu nukta saba, nne nukta moja, au nne nukta nane? Nikamwuliza ipi ni nzuri. Akacheka kwa adabu.

Mtu wa kanisani kwetu akanipeleka mtaa wa La Rochelle kwa Mkongomani mmoja aitwaye Pitchou, anayeuza difu za zamani uani kwa nyumba anayopanga. Pitchou alinieleza kwamba namba hiyo ni mara ngapi propela, ile shafti ndefu chini ya gari, inazunguka ili gurudumu lizunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa, gari lina nguvu zaidi na mbio kidogo. Nilikuwa nimefikiri ni kinyume chake. Akasema, "Docteur, mwambie mukwe wako apige jeki, atie alama ya chaki, azungushe tairi, ahesabu. Hii kitu haitaki vitabu."

Basi naomba uhesabu. Na je, una safari gani Oktoba? Nauliza tu.

Mkweo mtiifu,
Ogutu

*

Tharaka,
9 Julai 2024

Mwanangu Ogutu,

Nimeipata barua na nimeielewa. Huku salama. Wale pacha wa mbuzi, mmoja anapenda kuingia jikoni, na kuna mtu anamlea vibaya kwa kumpa maganda ya ndizi.

Nafurahi kusikia Kagendo ana kazi nyingi huko benki. Mwambie asibebe vitu vizito.

Nilipiga jeki upande wa kushoto. Mimi nililala chini nikitazama propela, gurudumu likazungushwa mara moja kamili. Propela ilizunguka karibu mara mbili. Tulirudia, ikawa vilevile. Kwa hiyo namba yangu ni karibu mbili. Nunua hiyo.

Safari sina. Mtu mwenye gari hahitaji safari ili alitengeneze.

Mugambi

*

Johannesburg,
1 Agosti 2024

Kwa Baba,

Salamu nyingi. Ninaandika nikiwa na mafua, lakini si mabaya. Kagendo naye ni mzima.

Baba, namba mbili haipo. Kijana wa dukani alitafuta kwenye kompyuta, akamwita mwenzake, wakatafuta wote. Nilipomwambia Pitchou alishika kichwa: "Mbili? Eish, hiyo gari iko ya ndege!" Halafu akauliza kama uliinua gurudumu moja au yote mawili. Nikasema moja. Kumbe gurudumu la upande mmoja likikaa chini, lile lililo juu huzunguka mara mbili ya kawaida, kwa hiyo hesabu inabidi izidishwe kwa mbili. Nilichora kwenye karatasi nyumbani na bado sina hakika kwamba nimeelewa, ila naamini.

Sasa karibu mbili mara mbili ni karibu nne. Inaweza kuwa nne nukta moja, inaweza kuwa tatu nukta saba. Kijana wa duka anasema ya kwanza. Pitchou anasema ya pili, bila kuliona gari. Wote wawili wana uhakika kabisa, na mimi nikitoka kwa mmoja namwamini huyo mpaka nifike kwa mwingine.

Naomba uinue magurudumu yote mawili ya nyuma na upime tena. Na ya mbele pia, kwa sababu nimeambiwa zikitofautiana gari linapigana lenyewe.

Kuna jambo lingine sikulielewa. Ulisema Kagendo asibebe vitu vizito. Huko benki wanabeba nini, baba?

Mkweo,
Ogutu

*

Tharaka,
24 Agosti 2024

Mwanangu Ogutu,

Pole kwa mafua. Kunywa maji ya moto na limau. Huku jua limekausha kila kitu, mto ni mchanga mtupu, ng'ombe wanachimbiwa maji.

Tumepima upya, magurudumu yote juu. Nilishauriwa tusizungushe mara moja bali mara kumi, ili kosa dogo ligawanyike. Ya mbele: gurudumu mara kumi, propela mara arobaini na moja. Ya nyuma: propela mara thelathini na saba. Nilifikiri nimekosea kuhesabu kwa uzee. Tukabadilishana, mimi nikazungusha, na hesabu ikawa ileile.

Kwa hiyo miaka yote hii mbele na nyuma hazikuwa na namba moja. Sasa nimejua kwa nini nikiingiza gia ya magurudumu manne gari linaruka kama punda aliyeng'atwa na siafu. Niliwahi kumwachia difu hiyo fundi mmoja mjini, naye nadhani alinifungia ya gari lingine. Marehemu. Hatumuulizi.

Nataka nyuma iwe sawa na mbele. Loki chagua wewe, mimi macho ya kusoma vijitabu sina. Ila iwe ile isiyomtaka dereva akumbuke kubonyeza kitu akiwa na mawazo mengine.

Mpe Kagendo salamu.

Mugambi

*

Johannesburg,
15 Septemba 2024

Kwa Baba,

Natumaini u mzima. Mimi nipo.

Nimeandika mstari huo wa pili mara tatu nikiufuta. Baba, nilikudanganya. Kagendo hayuko hapa. Aliondoka katikati ya Aprili. Alichukua likizo isiyo na mshahara, akaniambia anakwenda Nairobi kupumzika kwa rafiki yake, na akaniomba nisimpigie simu mpaka apige yeye. Hatukugombana. Laiti tungegombana ningejua pa kuanzia. Siku ile nilimpeleka uwanja wa ndege, tukasimama kwenye robot moja, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, kwa muda mrefu, nikamwuliza, "Nimekosa nini?" Akasema, "Hujakosa." Nikauliza, "Basi utarudi lini?" Akasema, "Taa imewaka, Ogutu, endesha."

Ananitumia ujumbe wa maneno mawili kila Jumapili. "Niko salama." Sikutaka ufikiri nimemfukuza binti yako. Ndiyo sababu niliandika yale ya benki.

Kuhusu gari. Loki ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya hewa: unabonyeza kitufe, kompresa inasukuma hewa kwenye paipu, difu inajifunga. Ukitaka inajifungua. Ya pili haina kitufe, inajifunga yenyewe ukikanyaga mafuta na kujiachia kwenye kona, ila inagonga na kukushtua. Wengine wanashauri pia tubadilishe mbele na nyuma zote kuwa nne nukta nane kwa sababu ya matairi yako makubwa. Hapo injini itapumua, lakini ni ekseli mbili za kufungua. Nimechora jedwali. Kila nikilimaliza naona nimesahau jambo. Naomba wiki chache nilinganishe vizuri.

Na nani alikushauri kuzungusha mara kumi? Hayo ni maneno yangu mimi. Huwa nawaambia wanafunzi, na watu wa nyumbani kwangu.

Ogutu

*

Tharaka,
17 Septemba 2024

Ogutu,

Mbona kimya? Mawingu yameanza kukaa upande wa Mlima Kenya. Nakuomba uache kutafuta kilicho bora, ununue kinachofaa. Gari liko juu ya mawe, difu iko wazi, nimeifunika kwa gunia. Nikiangalia gunia hilo silali.

Mimi si mtu wa kuharakisha watu, unanijua. Nikiharakisha kuna sababu. Usiniulize.

Mpe Kagendo salamu.

Mugambi

*

Johannesburg,
8 Oktoba 2024

Kwa Baba,

Barua yako ilinichanganya akili siku nzima. Nilikuwa nimekuandikia kwamba Kagendo hayupo, nawe unanijibu nimpe salamu. Nilifikiri unanikejeli, na nikasema unayo haki. Jioni ndipo nilipotazama tarehe, nikaona barua zetu zilipishana njiani.

Nilikwenda La Rochelle na jedwali langu. Pitchou alilitazama, akaligeuza, akaniuliza, "Docteur, unanunua difu ama unaioa?" Nikamsomea barua yako. Nilipofika pale pa "Nikiharakisha kuna sababu" aliniambia niache kusoma. Akasema, "Huyu muzee hana mambo ya gari. Nunua leo." Nikamwuliza ana mambo gani basi. Akasema hajui, yeye anajua sauti tu. Kisha akanishauri aina fulani ya loki, na baadaye tuligundua kwamba haingii kwenye ekseli yako, kwa hiyo naye si wa kuaminiwa kila mara.

Nimechagua. Krauni na pinioni za nne nukta moja kwa nyuma, sawa na mbele. Loki inayojifunga yenyewe. Itagonga kwenye kona, usishtuke. Anayekuletea ni Kemunto, mwalimu mwenzangu, anakuja Kenya kwenye harusi ya mdogo wake. Ameacha nguo zake nusu ili mzigo utoshe.

Baba, sikuulizi mengi. Kama unajua Kagendo yuko wapi, niambie kitu kimoja tu. Anakula?

Ogutu

*

Tharaka,
26 Oktoba 2024

Ogutu,

Vyuma vimefika salama na ni vyenyewe. Mwambie Kemunto Mungu ambariki. Fundi alikaa siku nne akipanga krauni na pinioni zishikane sawasawa, nami nilikaa naye nikimchosha kwa maswali. Gari halilii tena. Kwenye kona linagonga.

Barua yako ya Septemba ilisomwa hapa nyumbani kwa sauti. Baada ya hapo hakuna aliyekula mchana ule.

Umeuliza kama anakula. Anakula. Zaidi ya hapo nimekatazwa, nami nilitoa neno langu kabla sijajua lingekuwa zito hivi.

Mugambi

*

Hospitali ya misheni, ng'ambo ya mto,
21 Novemba 2024

Mwanangu Ogutu,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje. Karatasi nimepewa na muuguzi. Naandikia gotini, soma polepole.

Kagendo yuko ndani. Anajifungua. Mtoto ni wako.

Alikuja kwangu Aprili, mimba ilikuwa changa hata haionekani. Alinikalisha akaniambia, "Baba, hii ni ya tatu. Zile mbili zilitoka, hukuzijua. Ogutu hajui habari za hii, na usimwambie mpaka niseme." Nilimwambia mume ana haki yake. Akasema, "Najua. Kama huwezi kunyamaza nitakwenda kwingine." Ningemwacha aende wapi? Nikakubali. Nilidhani atabadilika baada ya mwezi. Kila barua yako ilipofika aliisoma yeye kwanza, akacheka kwenye maneno ya Pitchou, halafu akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Na alikuwa yeye aliyeshika tairi tulipopima. Nilimkataza, akasema kuzungusha gurudumu lililo hewani si kubeba mzigo.

Sikuweza kukuambia, kwa hiyo nilikuomba difu. Ni kweli niliihitaji, maana kati yetu na hospitali kuna mto, na siku zake ziliangukia kwenye mvua. Lakini nilitaka pia na mkono wako uwemo.

Leo asubuhi uchungu ulianza mapema kuliko tulivyohesabu. Tulipofika mtoni maji yalikuwa yamejaa mpaka katikati ya magurudumu, na chini ule mchanga unaonyonya. Gari la wagonjwa lilikuwa ng'ambo. Dereva wake alinipungia mkono kwamba hawezi kuvuka, na hakukosea. Upande wetu palikuwa na pikapu mbili zinangoja. Mwenye moja akaniambia, "Mzee, ngoja yapungue." Kagendo alikuwa nyuma, ameshika kiti kwa mikono yote miwili. Akasema, "Baba, usisimame."

Nikaingiza magurudumu manne. Halikuruka. Katikati ya mto nilihisi upande wa kushoto nyuma unazama, nikajua sasa gurudumu litazunguka bure, tutakaa hapa na maji yanapanda. Nikasikia ile loki yako ikigonga chini yangu. Gurudumu la kulia likashika. Gari lilipanda ukingo likitiririka maji kila mahali, na mimi nilikuwa napiga kelele, sijui nilikuwa nasema nini. Kagendo baadaye ameniambia nilikuwa nataja jina la mama yake.

Wamemwingiza ndani sasa ni muda mrefu. Sisikii kitu, lakini mimi sisikii chochote hata kukiwa na kelele, kwa hiyo sijui kama ni kimya cha kweli. Ogutu, sijui nikuandikie nini zaidi. Kama mambo yatakwenda vibaya, hutanisamehe, nami sitakuomba.

Muuguzi ametoka. Ananiangalia mimi. Naacha hapa.

*

Johannesburg,
22 Februari 2025

Kwa Baba,

Sisi sote watatu ni wazima. Waliwasili wiki iliyopita, wewe mwenyewe uliwasindikiza mpaka uwanja wa ndege kwa hiyo hilo unalijua. Akoth alilala njia nzima, akaamka tulipofika nyumbani na hajalala vizuri tena hadi leo. Kagendo amenenepa mashavu. Mvua za radi zinanyesha kila alasiri. Pitchou ametuletea kuku wawili wazima, nikamwuliza nitawaweka wapi, akasema hilo si swali la baba wa mtoto.

Baba, barua uliyoiandika kwenye benchi imefika jana. Bahasha imechakaa, ina mihuri mingi, nadhani ilitembea nchi kadhaa kabla ya kunikumbuka. Nimeisoma nikiwa nimembeba mtoto. Nilipofika kwenye muuguzi aliyetoka nilimtazama Akoth kuhakikisha, kama sijui yaliyofuata.

Nilikaa kwako wiki mbili za Desemba na mimi na wewe hatukuzungumza. Tulikunywa chai. Tulibadilisha oili ya difu ya mbele. Ulinionyesha pale mlipovukia. Nilisema, "Pana," ukasema, "Siku ile palikuwa pana zaidi," tukarudi nyumbani. Sasa nataka kusema, kwa sababu kwa barua naona tunaweza.

Simu ya Kagendo ilinikuta kwenye foleni ya magari nikitoka kazini. Siku mbili kabla nilikuwa nimepata ile barua yako ya "anakula", na nilikuwa natafuta tiketi ya kuja Tharaka. Akasema, "Ogutu, simamisha gari." Nikasimama pembeni. Akasema, "Una binti." Nikamwuliza, "Wa nani?" Hilo ndilo neno la kwanza nililosema kuhusu mwanangu, baba. Sikuwa namshuku mtu. Akili yangu ilikuwa imetafuta kila mahali na haikupata kitu cha kushika. Alicheka, kisha akalia, na mimi nikakaa pale taa za hatari zikiwaka, watu wakinipigia honi.

Nilipofika kwako alikuwa amekaa kwenye kile kitanda cha kamba nje, mtoto mapajani. Nilikuwa nimepanga maneno kwenye ndege. Yalipotea yote. Nikamwuliza tu, "Kwa nini?"

Akasema, "Wewe ukifurahi unafurahi kwa sauti. Mara ya kwanza ulipaka chumba rangi. Mara ya pili ulimwambia kila mtu kule kazini kwako. Halafu nikakuona unaikunja furaha yako kama nguo, unaiweka mahali, na hukuniambia umeiweka wapi. Sikuweza kuitazama tena ikikunjwa."

"Kwa hiyo ungeniambia lini?"

"Nikiwa na hakika."

"Hakika ya nini?"

"Sijui," akasema. "Nilipofika miezi mitano nilisema sita. Nilipofika sita nikasema saba. Halafu nikaona nimechelewa mno kuanza."

Akanipa mtoto. Nilimshika vibaya, akanielekeza. Sikuuliza tena.

Lakini wewe, baba, nina hasira na wewe. Sijawahi kumwambia mzee maneno haya na sijui yanaandikwaje kwa heshima, kwa hiyo nayaandika yalivyo. Nilikaa miezi nikichagua vyuma, nikichora majedwali, nikibishana na watu kuhusu hewa na paipu, na wewe ulijua. Ningechelewa wiki tatu zaidi na kijitabu changu mkononi, wao wawili wangebaki upande ule wa mto. Ulinipa maisha ya mtoto wangu niyashike bila kuniambia ni nini nimeshika. Halafu nafikiri: kama ungevunja neno lako, angeondoka kwako, na asingekuwa na mtu wa kumvusha. Halafu nakasirika tena. Nazunguka hivyo, sifiki. Nakushukuru na nimekukasirikia, vyote kwa pamoja, na kimoja hakipunguzi kingine. Nilidhani nikikaa nitajua kipi ni kikubwa. Sijajua.

Jina la mama yangu atapewa wa pili, kama yupo. Huyu, Kagendo alisema abaki Akoth, yaani aliyekuja na mvua, na mama yangu amekubali, ingawa alinuna siku mbili.

Chumba bado hatujakipaka rangi. Nilimwuliza kama nipake. Akasema nipake, ila yeye awepo.

Kagendo ametoka kulala. Ameuliza namwandikia nani muda wote huu, nikasema baba yako. Amevuta kiti, amekaa kando yangu, mtoto begani, na amesoma kutoka juu mpaka hapa. Nimemwuliza kama nifute ile sehemu ya hasira.

Amesema nisiifute.

Ogutu